Anajua Goli, Hajui Mbio

Kama umewahi kukaa kando ya kiwanja chetu saa kumi na nusu jioni, basi umemwona. Simtaji jina. Yeye mwenyewe hapendi, na hapa Masalani jina likiandikwa mahali linafika sokoni kabla ya mwenyewe kufika. Tumwite Nambari Tisa, maana hiyo ndiyo jezi yake, ijapokuwa ile tisa imebanduka mkia na sasa inasomeka kama sifuri. Yuko kidato cha pili. Ni mwembamba, kimo chake cha kawaida, na akitembea utadhani anakwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Muhula huu mwalimu wetu wa michezo alinisimamisha karibu na ofisi ya walimu akaniambia, "Wewe si ndiwe unayeshika lile daftari? Niandikie ukurasa mmoja juu ya huyu kijana. Mazuri yake na mabaya yake. Usimpambe." Daftari lenyewe ni la kurasa tisini na sita. Mimi ni mlinda lango wa akiba, na mlinda lango wa akiba ana nafasi nyingi ya kuandika. Tangu mwaka jana nimeandika humo kila bao, nani kalifunga, kwa mguu upi, na mpira ulitoka wapi. Nikasema sawa, mwalimu. Nilidhani ni kazi ya dakika ishirini. Ilinichukua wiki mbili na usiku kadhaa.

Ukurasa huo ulikuwa wa kupelekwa kwa shule moja ya bweni, ya mbali, yenye sifa katika kabumbu. Shule hiyo inatafuta mshambulizi, na ikimpenda mchezaji humsaidia karo. Hapo ndipo neno linapokuwa zito. Wazazi wa Nambari Tisa walikuwa wafugaji. Ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo, uliwamaliza ng'ombe wao, wakabaki na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Wakasogea karibu na mji. Mwishoni mwa 2023 Mto Tana nao ukafurika, na shamba dogo walilokuwa wameanza kulima kando ya mto likawa ziwa. Karo ya shule ya kutwa ni kidogo, lakini kidogo hicho ni mlima kwa asiye nacho. Mara mbili mwaka jana hakuonekana darasani wiki nzima, na sote tulijua sababu ijapokuwa hakuna aliyeuliza.

Basi niseme kwanza mazuri yake, kwa kuwa ndiyo mepesi kusema.

Nimefungwa naye mazoezini mara nyingi hata nimeacha kuona haya, kwa hivyo nazungumza kama mtu aliyeumwa na nyoka akamjua. Mshambulizi wa kawaida akikaribia lango huinua kichwa atazame. Hapo ndipo sisi walinda lango tunapomsoma, kwa sababu macho yake yanatangulia mguu wake. Huyu hainui kichwa. Amekwisha kutazama zamani, kabla mpira haujamfikia, wakati wewe uko na kazi ya kumtazama yule mwenye mpira. Ukigeuka kumtafuta unakuta ameshapiga. Katika daftari langu ana mabao 17. Kati ya hayo, 11 ni ya mguso mmoja tu, yaani mpira ulifika ukaondoka. Ni 2 tu yaliyotoka nje ya kijisanduku. Kwa kichwa ana 1, na hilo, kwa haki, mpira ndio uliomgonga.

Jambo jingine ni kwamba hapigi kwa nguvu. Wale wenzake wanapenda kupasua nyavu, ingawa nyavu zenyewe hatuna, tuna kamba tu za mkonge. Yeye anausukuma mpira mahali ambapo mlinda lango ametoka kuondoa uzito wake. Ukiegemea kushoto mpira unapita kulia, polepole, unauona kabisa, na huna la kufanya. Kuna siku tulicheza na vijana wa ng'ambo ya mto. Ilipigwa kona, mpira ukaanguka katikati ya miguu kama minane, watu wakaanza kuupiga hovyo, vumbi likapanda. Nambari Tisa alikuwa amesimama pembeni hatua tatu kutoka kwenye vurugu hiyo, mikono chini, kama mtu asiyehusika. Mpira ulipochomoka ulichomokea kwake. Akaugusa kwa ncha ya kidole. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mti akasema ni bahati. Bahati gani bwana inayomjia mtu mmoja mara 17?

Sasa mabaya.

Hajui kukimbia. Sisemi kwamba ni mvivu, kwani hakosi mazoezi na hachelewi. Nasema miguu yake haikimbii. Kisigino chake ndicho kinachotangulia kugusa chini badala ya sehemu ya mbele ya wayo, na kila hatua ni kama anajifunga breki mwenyewe. Hatua zake ni ndefu na za chini, ni hatua za mtu anayefuata mifugo kutoka asubuhi hadi magharibi. Kwa safari ya kutwa hizo ni hatua za hekima. Kwa mita kumi za kuuwahi mpira ni hasara tupu. Mikono inaning'inia. Mpira ukirushwa mbele yake na beki akawa karibu, zile hatua tatu za kwanza, ambazo ndizo zinazoamua, beki anazichukua zote.

Kugeuka ndiko kubaya zaidi. Akigeukia kulia anahitaji hatua tatu. Akigeukia kushoto nilihesabu hatua sita, anazunguka kama lori la mbuzi linalotafuta njia katika kichochoro. Mabeki wa shule jirani wameshalijua hilo, na sasa wanasimama upande wake wa kulia makusudi ili wamlazimishe kuzunguka. Tena timu ikipoteza mpira yeye hubaki palepale. Anataka kurudi, unamwona anaanza, lakini anapofika katikati ya kiwanja mambo yamekwisha na kila mtu anakwenda upande mwingine.

Hapa kwetu kasoro hizi hazionekani sana, na nadhani najua kwa nini. Kiwanja chetu ni mchanga. Kwenye mchanga kila mtu anazama. Yule mwepesi anapunguziwa wepesi wake, na mzito hana cha kupunguziwa. Isitoshe, kuna miba ya mathenge, na hakuna anayekimbia kwa moyo wote kwenye uwanja wenye miba ya mathenge. Lakini mwaka jana tulicheza Garissa mjini, ardhi ngumu, na hapo ndipo ukweli ulipotoka jua likiwaka. Beki wao alikuwa kama swala. Nambari Tisa aligusa mpira mara nne mchezo mzima. Niliandika, nne. Moja ya hizo nne ilikuwa bao.

Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Mtu aliyegusa mpira mara nne kwa dakika zote zile, je, amecheza vibaya? Na mtu aliyefunga bao moja kati ya miguso minne, je, amecheza vizuri?

Nilimpelekea swali hilo binamu yangu, mtoto wa adeer, aliyeko Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ambako Wasomali ni wengi kuliko mahali pengine popote Marekani. Kule mchezo mkubwa ni hoki ya barafuni. Usicheke, msomaji. Wachezaji sita kila upande, pamoja na mlinda lango, wamevaa viatu vyenye chuma kama kisu chini yake, wanateleza juu ya barafu wakigombea kisahani cheusi cha mpira kwa fimbo. Binamu alinijibu kwa sauti ndefu ya simu nikaisikiliza mara tatu, nyuma yake unasikia upepo wa baridi. Akasema, walai, mtu wako huyo namjua, kila timu ya vijana huku ina mmoja. Wasaka vipaji wa huko, wanapompima kijana, huandika mkono wake kando na miguu yake kando. Mkono ni kufunga. Miguu ni kuteleza: hatua za kwanza, kugeuka, kurudi nyuma. Mwenye mkono mzuri na miguu mibaya ndiye anayewatia tumbojoto, kwa sababu kwenye barafu huwezi kujificha. Hakuna mchanga wa kukufichia.

Akanitajia Luc Robitaille, Mkanada. Mwaka 1984, timu za ligi kuu ya huko, NHL, zilipokuwa zikichagua vijana, huyu alisemwa kuwa anateleza polepole. Zikapita timu zote, raundi baada ya raundi, hata Los Angeles Kings wakamchukua katika raundi ya tisa, akiwa wa 171. Jambo la kuchekesha ni kwamba Kings hao hao, katika raundi ya nne, walikuwa wamemchagua kijana mmoja aitwaye Tom Glavine, ambaye aliiacha hoki kabisa akaenda kuwa nyota wa besiboli. Robitaille alifunga mabao 668 katika ligi hiyo, na mwaka 2009 akaingizwa katika jumba la heshima la hoki. Mwaka uo huo wa 1984 Brett Hull alichaguliwa akiwa wa 117, naye alifikisha mabao 741.

Nilifurahi sana kusikia hayo, kisha baada ya saa moja furaha ikapungua. Nikamwandikia binamu: hao wazito wengine waliochaguliwa wa 172 na wa 180 wakapotea, nani anahesabu mabao yao? Tunamjua Robitaille kwa sababu alifaulu. Binamu akacheka, akasema nitakuwa wakili. Lakini hakunijibu.

Nikarudi kwenye kandanda nitafute mfano wa karibu. Walimu wetu wa zamani humtaja Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi, mabao 68 katika mechi 62 za taifa lake, mtu mfupi mwenye mapaja mazito ambaye hakuna angemwita mkimbiaji. Nilipomfikiria vizuri nikaona hafai kuwa mfano wetu. Müller hakuwa na mbio ndefu, lakini kugeuka alikuwa kama pia. Udhaifu wake haukuwa mahali ambapo kazi yake ilikuwa. Wa kwetu udhaifu wake uko palepale kwenye kazi, ndani ya kijisanduku, mgongo kwa lango, akihitaji kugeuka. Na Michael Olunga wetu, aliyefunga mabao 8 peke yake siku Kashiwa Reysol walipowapiga Kyoto Sanga 13 kwa 1 huko Japani mwaka 2019, kisha mwaka 2020 akaongoza ligi ya Japani kwa mabao 28, naye ana hatua ndefu, lakini zake zinakwenda! Hatua ndefu peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kisigino.

Kwa hivyo swali langu likawa dogo na gumu zaidi. Miguu inafundishika?

Hapa hoki ya barafuni ilinisaidia tena, na safari hii si lazima twende Minnesota. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005. Ni mdogo kuliko viwanja vya mashindano, lakini ni barafu kweli, katika nchi ambayo sisi wa huku barafu tunaijua ndani ya gilasi tu. Mwaka 2016 ikaanzishwa timu ya Kenya Ice Lions. Wengi wao walikuwa vijana waliozoea viatu vya magurudumu barabarani. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Watu waliojifunza kusimama juu ya barafu wakiwa wakubwa, na leo wanacheza.

Na wapo wengine wanaotuhusu zaidi kwa lugha na damu. Katika mji wa Borlänge, Uswidi, vijana wa Kisomali walioingia huko kama wakimbizi waliunda timu ya taifa ya Somalia ya bendi, mchezo unaofanana na hoki ya barafuni ila una mpira mdogo, wachezaji kumi na mmoja, na uwanja mkubwa kama wa kandanda. Hiyo ni 2013. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuvaa viatu vya kuteleza. Kocha wao alikuwa Per Fosshaug, mchezaji maarufu wa Uswidi. Mwanzoni mwa 2014 walikwenda kwenye mashindano ya dunia Irkutsk, Urusi, katika baridi ya kukatika masikio. Walifungwa mabao mengi, hilo halifichiki. Hata filamu imetengenezwa juu yao. Lakini walisimama, waliteleza, waligeuka, walicheza mechi hadi mwisho.

Mimi nilichokiona katika habari hizo mbili ni hiki. Miezi michache inatosha kumfundisha mtu kusimama na kugeuka. Haitoshi kumfanya awe mwepesi kuliko aliyezaliwa juu ya barafu. Yaani kuna sehemu ya miguu inayofundishika na sehemu inayochukua muda mrefu, au isiyokuja kabisa. Nikataka kujua ya Nambari Tisa iko upande gani.

Tukajaribu. Sikumwambia mwalimu, nilimwambia yeye tu na nahodha. Jioni baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukienda kwenye ardhi ngumu karibu na barabara, tukapanga madumu matano ya maji yaliyo tupu, akawa anayazunguka, kushoto kwanza, kushoto tena, hata akasema ana kizunguzungu. Nikamchorea mistari kwa kijiti, ya karibu karibu, akanyage kila nafasi kwa ncha ya wayo. Watoto wadogo wakaja kutuzunguka wakipiga kelele, "Warya! Cheza kama mbuzi!" Tukafanya hivyo wiki mbili, siku nne kwa wiki. Kugeuka kushoto kulitoka hatua sita kukafika nne. Visigino vilipungua kwa muda wa mistari, akitoka kwenye mistari vinarudi. Hatua tatu za kwanza hazikubadilika hata kidogo. Nilizipima na simu ya nahodha mwanzo na mwisho, na tofauti ilikuwa ya kupepesa jicho, nayo labda ni kidole changu kilichochelewa kubonyeza.

Ikafika siku ya kuandika. Nahodha akanishika mkono nje ya darasa. "Andika mabao 17 basi," akaniambia. "Habari ya mbio inakuhusu nini? Unamkatia kijana riziki kwa kalamu." Sikumjibu papo hapo. Nahodha si mtu mbaya, na aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nikiyasema mwenyewe usiku. Lakini nilikuwa nikiiona ile shule ya bweni machoni. Wakimpokea kwa sifa tupu watamtia winga, kwa sababu ni mwembamba na kila mwembamba hudhaniwa ana mbio. Atashindana na mabeki wale wa aina ya swala. Mwezi mmoja, na watasema tulidanganywa, na atarudi na sanduku lake kwenye basi. Wakijua mapema, watamweka katikati karibu na lango, na pembeni yake watamweka mtu wa kukimbia kwa niaba yake. Hapo atafunga. Nina hakika kama ninavyoijua njia ya kwetu.

Hata hivyo riziki ni yake, si yangu, kwa hivyo nikamwuliza mwenyewe. Alikuwa akinywa maji kwenye mfereji. Akapangusa mdomo akaniambia, "Andika tu. Mbio zangu si siri, kila mtu ameziona."

Niliandika ukurasa mmoja kama nilivyoagizwa. Nikaweka kufunga juu: anaona mapema, anapiga kwa mguso mmoja, miguu yote miwili, hana pupa, ardhi ngumu haikumzuia kufunga. Nikaweka miguu chini yake: mzito hatua za kwanza, anakanyaga kwa kisigino, kushoto anageuka kwa shida lakini amejirekebisha kwa wiki mbili bila kocha, harudi kusaidia ulinzi. Nikaandika kwamba hafai kuwa winga. Nikaandika kwamba akipata mtu wa kumfundisha kila siku, kugeuka kutakuja. Mbio za mita kumi sizitarajii sana. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama. Akakata neno moja, pale nilipokuwa nimesema ni kipaji cha pekee. "Umeona wangapi?" akaniuliza. Kisha akaupiga picha kwa simu yake akaupeleka.

Jibu limekuja wiki iliyopita. Hawakusema ndiyo, hawakusema la. Watakuja muhula wa pili, wakati wa mechi za mpira wa miguu, na wanataka kumwona kwenye ardhi ngumu, amevaa viatu vya mpira na si malapa. Nambari Tisa anavaa namba 42. Tumepekua stoo ya michezo mimi na nahodha, na kiatu cha 42 kimepatikana kimoja, cha mguu wa kulia.